Kioo na Lenzi: Jinsi Aina za Kioo Zilivyotawala Uundaji wa Lenzi za Kamera

Neno kioo katika Kiswahili hubeba maana kadha wa kadha. Ni kile mtu ajitazamiacho uso wake. Ni kile kilichotiwa katika dirisha. Tena ni kile kitu chenyewe kiyeyushwacho kwa mchanga, magadi na chokaa, ambacho kikifanywa chombo cha kunywea hubadili jina kikaitwa bilauri au gilasi. Maana hiyo ya tatu ndiyo itumikayo katika makala haya. Na kwa kuwa neno ni moja, ni rahisi kudhani kwamba kitu chenyewe nacho ni kimoja, na kwamba ubora wa lenzi ya kamera hutokana na ufundi wa yule aliyeipigia hesabu na kuisugua, basi. Dhana iliyo karibu na hiyo haikuwa ya wajinga. Isaac Newton mwenyewe aliamini kwamba kitu chochote kipindacho nuru huitawanya rangi zake kwa kadiri ile ile, na ndiyo sababu alikata tamaa ya lenzi akaunda darubini ya kioo cha kujitazamia mwaka 1668. Kitabu chake juu ya nuru kilipotoka mwaka 1704, jina lake lilitosha kuwazuia wengi wasiujaribu ukweli wa maneno hayo.

Ili kuelewa alipokosea, yapasa kutenganisha tabia mbili za kioo. Ya kwanza ni kupinda. Nuru ikitoka hewani na kuingia katika kioo kwa mshazari huacha njia yake iliyonyoka, kwa sababu ndani ya kioo mwendo wake hupungua. Kioo ambacho kadiri yake ya kupinda ni 1.5 huipitisha nuru kwa theluthi mbili ya mwendo wake wa mahali patupu. Ya pili ni kutawanya. Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi, na rangi hizo hazipindi sawasawa: buluu hupinda zaidi ya nyekundu. Kwa hiyo lenzi moja tupu hukusanya buluu karibu, na nyekundu mbali kidogo, na taswira yake huzungukwa na pindo za rangi. Tabia hii ya pili hupimwa kwa namba iitwayo namba ya Abbe, na msomaji aangalie kwamba namba hiyo huenda kinyume cha matarajio: ikiwa kubwa, kioo hutawanya kidogo, ikiwa ndogo, hutawanya sana.

Kosa la Newton lilikuwa kudhani kwamba tabia hizi mbili ni pacha zisizotengana. Mtu wa kwanza kuzitenganisha kwa vitendo hakuwa mwanachuoni bali mwanasheria wa Kiingereza, Chester Moor Hall, ambaye karibu na mwaka 1730 aligundua kwamba kioo chenye risasi hutawanya rangi kupita kiasi cha kupinda kwake kikilinganishwa na kioo cha madirisha. Akaona kwamba lenzi mbinuko ya kioo cha dirisha ikiunganishwa na lenzi mbonyeo, dhaifu zaidi, ya kioo cha risasi, kutawanya kutafutana na kupinda kutabaki. Kwa kuilinda siri yake alimpa fundi mmoja kazi ya lenzi ya kwanza na fundi mwingine kazi ya lenzi ya pili. Lakini mafundi wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, waliipeleka kazi kwa msuguaji yule yule, George Bass, naye akatambua kwamba zilikuwa za mtu mmoja. Hati ya kumiliki uvumbuzi huo haikutwaliwa na Hall. Ilitwaliwa na John Dollond wa London, mwaka 1758.

Majina ya vioo hivyo viwili yamedumu hata leo, ijapokuwa maana zake za asili zimekwisha kufa. Kioo cha dirisha kiliitwa krauni, yaani taji, kwa sababu ya umbo la bamba la mviringo ambalo mafundi walilipata kwa kukizungusha kioo laini mwishoni mwa bomba. Kioo cha risasi kiliitwa flinti, yaani jiwe la gumegume, kwa kuwa George Ravenscroft alipoanza kukifanya Uingereza, katika miaka ya 1670, alitumia mawe hayo yaliyosagwa badala ya mchanga. Leo hakuna gumegume katika flinti wala taji katika krauni. Majina yamegeuka kuwa ya hesabu: kioo huhesabiwa krauni namba yake ya Abbe ikizidi 50 ikiwa kadiri yake ya kupinda imepita 1.60, au ikizidi 55 ikiwa kadiri hiyo ni chini ya hapo. Vyote vingine ni flinti. Viwanda navyo vimezoea kukiita kila kioo kwa tarakimu sita: tatu za kwanza ni za kadiri ya kupinda baada ya ile nukta, tatu za mwisho ni namba ya Abbe. Krauni ijulikanayo kuliko zote ina kadiri 1.517 na namba ya Abbe 64.2, na jina lake ni 517642.

Kujua kwamba vioo viwili vinafaa ni jambo moja. Kuvipata ni jingine. Risasi ni nzito, na chunguni huzama, hata kioo cha chini kikawa tofauti na cha juu, na kati yao ikatokea michirizi ambayo huivuruga nuru kama moto uvurugavyo hewa iliyo juu yake. Dawa ilipatikana kwa Pierre Louis Guinand, fundi wa Uswisi, aliyekikoroga kioo kilichoyeyuka kwa mti wa udongo wa tanuri. Siri hiyo aliichukua Bavaria, na huko alifanya kazi pamoja na Joseph Fraunhofer, ambaye mwaka 1814 aliitazama mistari myeusi iliyomo katika rangi za jua na kuifanya alama za kupimia. Kabla yake fundi alisema tu kwamba kioo hiki chapinda nyekundu hivi. Baada yake aliweza kutaja mstari na kadiri, na mwingine akapima akapata jibu lile lile.

Hivyo kamera ilipozaliwa mwaka 1839 ilikuta jozi ya krauni na flinti iko tayari, lakini jozi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo darubini haikuifichua. Darubini hutazama sehemu ndogo ya mbingu, karibu na katikati ya lenzi. Kamera hutaka picha nzima, pembe kwa pembe, juu ya bamba lililo bapa. Mwaka 1840 Joseph Petzval wa Vienna alipiga hesabu ya lenzi ya kupigia picha za watu iliyopokea nuru mara nyingi zaidi ya zile zilizotangulia. Katikati picha zake zilikuwa kali ajabu, pembeni zilififia. Wapenzi wa picha za kale husifu ule ukungu uzungukao nyuso kana kwamba ulikusudiwa. Kwa sehemu kubwa ulikuwa ni ukomo wa vioo vilivyokuwapo.

Petzval ndiye aliyeonyesha kwa nini. Chukua nguvu ya kila lenzi katika chombo, igawe kwa kadiri ya kupinda ya kioo chake, kisha jumlisha, za mbinuko zikiwa za kuongeza na za mbonyeo za kupunguza. Jumla ikiwa sifuri, uso wa taswira waweza kuwa bapa. Ikiwa mbali na sifuri, uso huo hujikunja kama sehemu ya ndani ya kata, na bamba bapa haliwezi kuugusa ila mahali pamoja. Sasa linganisha sharti hili na lile la rangi. Sharti la rangi lataka lenzi mbinuko iwe ya kioo kitawanyacho kidogo, na mbonyeo iwe ya kioo kitawanyacho sana. Sharti la Petzval lataka mbinuko iwe na kadiri kubwa ya kupinda na mbonyeo iwe na ndogo. Lakini katika vioo vya zamani kadiri ya kupinda na kutawanya vilipanda pamoja: krauni ilikuwa chini kwa vyote viwili, na flinti juu kwa vyote viwili. Kila hatua ya kutengeneza rangi iliharibu ubapa.

Hesabu ndogo yatosha kuthibitisha. Lenzi moja tupu ya krauni 517642 ina jumla ya Petzval ya 0.66 ya nguvu yake. Iunganishwe na flinti ya kawaida yenye kadiri 1.620 na namba ya Abbe 36.4, mpaka rangi mbili zikutane mahali pamoja, na jumla hiyo hupanda kufikia 0.71. Yaani lenzi iliyotengenezwa rangi hukunja uso wa picha kuliko ile isiyotengenezwa kabisa! Hakuna ustadi wa kusugua uwezao kuiondoa dosari hiyo katika jozi nyembamba iliyogandishwa, maana haimo katika mikunjo ya lenzi bali imo katika kioo.

Aliyelitamka jambo hili waziwazi alikuwa Ernst Abbe, mwalimu wa fizikia wa Jena na mshirika wa Carl Zeiss. Baada ya kuyaona maonyesho ya vyombo vya elimu yaliyofanywa London mwaka 1876, aliandika kwamba hadubini imefika mwisho wa njia yake, na kwamba kilichoizuia si elimu ya nuru bali ufundi wa kioo. Mwaka 1879 alipata barua kutoka kwa Otto Schott, mwana wa mfanya vioo vya madirisha kule Witten, aliyekuwa akijaribu kutia katika kioo vitu ambavyo haikuwa desturi kuvitia. Mchanga, magadi, chokaa, potashi na risasi: kwa muda mrefu orodha ya watengeneza vioo ilikuwa karibu hiyo tu. Schott alijaribu boroni, fosforasi, bariamu na vinginevyo, akiyeyusha kiasi kidogo kidogo na kumpelekea Abbe apime. Huenda hakuna mfano bora wa kazi ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa kiziwi katika nusu ya jambo na mwenzake akamsikilizia.

Mwaka 1884 kiwanda chao kilianzishwa Jena, na mwaka 1886 orodha ya kwanza ikatolewa ikiwa na vioo 44, katika hivyo 19 vikiwa vya aina mpya kabisa. Baadhi ya hivyo vipya havikudumu: vilishika ukungu kwa unyevu wa hewa, vikaachwa. Bali vile vya bariamu vilidumu, na ndivyo vilivyogeuza mambo. Ndugu wa vioo hivyo katika orodha za siku hizi huitwa 620603. Msomaji akumbuke flinti iliyotajwa juu, ambayo jina lake ni 620364. Tarakimu tatu za kwanza ni zile zile, yaani vioo viwili hupinda nuru sawasawa. Za mwisho zatofautiana mno, kwani kimoja hutawanya kwa kiasi na kingine hutawanya sana. Kile ambacho Newton alidhani hakiwezekani sasa kiliuzwa kwa ratili.

Kwa krauni ya bariamu hiyo, ikiunganishwa na flinti nyepesi ya 548458, jumla ya Petzval hushuka toka 0.71 hadi 0.53. Mbinuko sasa ina kadiri kubwa na kutawanya kudogo, na mbonyeo ina kadiri ndogo na kutawanya kukubwa kidogo, kama sharti zote mbili zitakavyo. Lakini hakuna kipatikanacho bure. Kwa kuwa vioo hivi viwili vimekaribiana kwa kutawanya, kila kimoja hulazimika kufanya kazi kubwa ili kimshinde mwenzake: katika jozi ya kale mbinuko ina nguvu mara 2.3 ya jozi nzima, na katika jozi mpya mara 4.1. Lenzi zenye nguvu hivyo zina mikunjo mikali, na mikunjo mikali huleta dosari nyingine, kwamba nuru ipitayo ukingoni mwa lenzi haikutani na ile ipitayo katikati.

Paul Rudolph, aliyekuwa akifanya kazi kwa Zeiss, mwaka 1890 alitatua shida hii kwa njia ambayo kila aisomaye huona kana kwamba ilikuwa dhahiri. Aliweka mbele jozi ya vioo vya kale, na nyuma jozi ya vioo vipya, na kila jozi ikafunika aibu ya mwenziwe. Lenzi hiyo, ambayo baadaye iliitwa Protar, ilitoa picha kali hata pembeni juu ya bamba bapa. Miaka michache baadaye zikafuata nyingine za ukoo huo, na mwaka 1902 Tessar, ambayo umbo lake limeigwa na viwanda vingi kuliko labda lenzi yoyote nyingine.

Haki yataka kusemwa kwamba kioo kipya hakikuwa njia pekee. Mwingereza H. Dennis Taylor alionyesha mwaka 1893 kwamba lenzi tatu tu zilizotengwa kwa hewa zaweza kuutimiza ubapa hata kwa vioo vya kawaida, kwa kuwa mbonyeo iliyowekwa mbali na mbinuko hupunguza jumla ya Petzval bila kuila nguvu yote ya chombo. Hata hivyo wajukuu wa lenzi ya Taylor waliboreka sana walipopewa vioo vya bariamu, na hilo ni jibu tosha kwa wale wapendao kuligeuza jambo hili kuwa mashindano ya hesabu na tanuri.

Utegemezi huo ulionekana kwa uchungu vita vilipoanza mwaka 1914. Darubini, vipima masafa na kamera za ndege vyote vilihitaji vioo ambavyo kwa sehemu kubwa vilitoka Jena. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wataalamu wa maabara ya elimu ya miamba ya Taasisi ya Carnegie mjini Washington, watu waliozoea kuchunguza mawe yaliyoyeyuka, waliitwa kusaidia viwanda vya kioo. Mmojawao, George Morey, hakuiacha kazi hiyo. Katika miaka ya 1930 alivumbua vioo ambavyo karibu havina mchanga hata kidogo, bali vina boroni pamoja na lantani na madini mengine adimu, na kampuni ya Eastman Kodak ikavitia katika lenzi. Kadiri ya kupinda ilipita 1.7 bila rangi kutawanyika sana. Faida yake ni rahisi kuiona: mkunjo unaohitajika kwa nguvu fulani hupungua kadiri kioo kipindavyo zaidi, na lenzi ya kioo cha 1.75 yaweza kuwa na nusu kipenyo cha mkunjo kilichozidi kwa asilimia 45 kile cha lenzi ya 1.517 yenye nguvu ile ile. Mikunjo ikilegea, mlango wa nuru waweza kupanuliwa. Lenzi za kupigia picha katika nuru hafifu ambazo zilienea baada ya mwaka 1945 ni watoto wa kioo hiki.

Katika baadhi ya vioo hivyo ilitiwa thoriamu, ambayo hutoa mionzi. Ndivyo zilivyokuwa lenzi za Aero-Ektar za Kodak zilizotumika katika ndege za kijeshi za Marekani wakati wa vita vya pili, na hata miaka ya 1960 kioo cha namna hiyo kilitumiwa Japani katika lenzi za Takumar. Mionzi hiyo hukigeuza kioo kidogo kidogo kuwa cha rangi ya chai. Jambo la ajabu ni kwamba nuru ya urujuani isiyoonekana kwa macho hukisafisha, na watu wenye lenzi hizo huziacha juani siku nyingi zirudi weupe wake. Lakini thoriamu yenyewe haiondoki, wala nusu yake haitakwisha kabla ya miaka milioni elfu kumi na nne. Watengenezaji waliiacha walipojifunza kupata kadiri hizo kwa lantani bila ya thoriamu.

Bado rangi haikuwa imekwisha kutiishwa. Jozi ya krauni na flinti hukutanisha rangi mbili, lakini ya tatu hubaki nje, kwa kuwa vioo vya kawaida havigawanyi upinde wa rangi kwa uwiano mmoja: flinti huunyosha upande wa buluu kuliko krauni. Katika lenzi fupi mabaki hayo ni madogo. Katika lenzi ndefu za kuvutia vitu vya mbali huonekana kama pindo la zambarau. Abbe alikuwa amekwisha kuiona dawa yake, nayo si kioo bali fuwele: floriti, yenye kadiri ya 1.434 tu na namba ya Abbe 95. Alitumia vipande safi vilivyotoka milima ya Uswisi katika lenzi za hadubini za mwaka 1886. Vipande vilivyotosha hadubini havikutosha kamera, ikabidi kungoja mpaka fuwele kubwa ziweze kukuzwa kwa tanuri. Mwaka 1969 Canon ya Japani ilitoa lenzi ya milimita 300 yenye floriti kwa wapiga picha wa kawaida. Floriti ni laini, hukwaruzika, na joto huibadili kuliko kioo. Hiyo ni sababu mojawapo ya zile lenzi ndefu zionekanazo kandokando ya viwanja vya mpira kupakwa rangi nyeupe, zisishike jua. Vioo vyenye florini na fosforasi, ambavyo tabia yake inaikaribia floriti, vimeshika mahali pake katika lenzi nyingi.

Badiliko la karibuni halikuletwa na mahitaji ya picha, bali na hofu ya sumu. Katika miaka ya 1990 viwanda vilianza kuondoa risasi na aseniki, na kiwanda cha Schott kilitanguliza herufi N katika majina ya vioo vilivyotengenezwa upya kwa titani na niobi. Mfano ulio mzuri kwa wachunguzi wa majina ni flinti nzito iitwayo SF6 na mrithi wake N-SF6. Uzito wa sentimita moja ya ujazo ya SF6 ni gramu 5.18, na wa N-SF6 ni gramu 3.37, jambo la kufurahisha kwa abebaye kamera. Kadiri ya kupinda ni 1.805 kwa vyote viwili, na namba zao za Abbe zatofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi, hata jina la tarakimu sita ni moja: 805254. Ila kile kipya huizuia nuru ya urujuani zaidi ya kile cha risasi, na mpiga hesabu aliyekuwa akiitegemea nuru hiyo hulazimika kuanza upya. Kwa sababu hiyo SF6 ya risasi bado imo katika orodha ya kiwanda, nayo na mwenzake hugawana tarakimu zile zile sita, na mnunuzi asiyeitaja herufi N hana budi kuulizwa ni kipi hasa anachokitaka.